Dakika Hamsini na Tano

Dakika hamsini na tano. Ndivyo jedwali lilivyosema: mjamzito akitoka kisiwa cha Skarvøy, avuke kwa kivuko kisha apande gari, atafika hospitali kubwa kwa dakika hamsini na tano. Ikiwa ni chini ya saa moja, kituo cha wakunga kisiwani kinafungwa. Torunn, mchambuzi wa sera za afya wizarani Oslo, ndiye aliyetengeneza jedwali hilo, na pendekezo lilitakiwa Ijumaa.

Skarvøy ndiko alikozaliwa.

"Usiniletee utoto wako humu, dada," alisema Halvard, mkuu wake, huku akimenya chungwa. "Niletee namba."

Jumatano mchana alimpigia simu mama yake, Asbjørg, aliyeuza kahawa na keki za chuma, zile za iliki zinazookwa kati ya vyuma viwili vya moto, pale gatini kwa miaka thelathini.

"Mama, wanataka kukifunga kituo."

"Wanataka akina nani? Si wewe huyo?"

Torunn akalifunika jedwali kwa kiganja.

"Haya, niambie msomi wangu. Upepo wa kusini-magharibi ukikizuia kivuko, mzazi avuke kwa kuogelea? Mimi nikiusikia alfajiri nilikuwa nakoroga unga ndoo mbili badala ya moja, maana nilijua foleni ya magari italala pale gatini. Na wewe ulizaliwa kwenye foleni hiyo hiyo, ndani ya gari la Eilif muuza samaki, juu ya makoti ya watu. Baba yako kashika chupa ya kahawa, kasahau kuiweka chini! Mkunga alitoka kituoni mbio na ndara za ndani, theluji yote ile. Dakika nne tu, akafika. Tukamshukuru Mungu kwa wimbo, hata Eilif asiyekanyaga kanisani akaimba."

Torunn aliisikia harufu ya iliki na siagi kama amesimama tena, mtoto mdogo, kwenye dirisha la kibanda cha mama yake, pua yake ikifika ukingoni tu. Kisha aibu ikamshika. Yeye, mtoto wa foleni, alijaza jedwali kwa ratiba ya kivuko iliyobandikwa ukutani!

Aliwaandikia manahodha wa kivuko. Alhamisi wakajibu: mwaka uliopita, siku arobaini na tatu kivuko hakikuvuka.

Ijumaa Halvard alisoma pendekezo, akarudia.

"Hizi siku arobaini na tatu hujaziwekea dakika."

"Sina dakika za kuweka. Hakuna njia."

"Sasa huwa wanafanyaje?"

"Mkunga hukimbia na ndara."

Halvard akacheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Akachukua kalamu, akakata neno "kifungwe" lililobaki kutoka rasimu ya kwanza, akaandika "kibaki".

"Waziri akibisha, utakwenda wewe ukamweleze habari za ndara."

Jioni hiyo Torunn alikoroga unga, akatia iliki. Ulikuwa mwingi mno kwa mtu anayeishi peke yake. Akaanza kuwagongea majirani.