Kibati cha Tani Tatu

Mwenye karakana alikuwa ameuza mitambo yote kwa mkata chuma chakavu, ila vibati vyake, vile vipande vya bati vyenye maandishi ya uwezo wa kila mtambo, alivitaka. Atavitundika sebuleni, alisema, viwe kumbukumbu. Watu wengine hawana aibu. Kazi ya kuving'oa bila kuvikunja akapewa fundi mwanamke, binti wa fundi mstaafu wa hapo hapo. Baba yake akaja naye, ingawa magoti yalishamgomea siku nyingi. Alikaa juu ya kreti akitazama tu.

Kung'oa kibati si kazi ya mwenye pupa. Ukipenyeza bisibisi chini yake ukabinua, umeshakipinda, na hata ukikinyoosha kitabaki na makunyanzi. Mzee alimfundisha njia ndefu: kwa tupa nyembamba unachora mfereji kwenye kichwa cha ribiti, ule msumari butu unaokishikilia, unadondoshea mafuta ya taa, unangoja, kisha unaizungusha taratibu kama parafujo. Ukiirudisha, mfereji unauziba kwa nta ya mshumaa na kupaka rangi, asijue mtu. Mafundi wenzake walimcheka. Wao walitoboa kwa keekee wakaweka ribiti mpya. Nta ilikuwa yake peke yake.

Kufikia saa nne binti alikuwa ameng'oa vibati kumi na kimoja. Akasogea kwenye winchi kubwa ya kunyanyulia mizigo.

"Hiyo iache, mama," baba alisema. "Kutu imeshaila. Utaharibu."

"Baba, si wewe uliyesema kutu haishindani na subira?"

Hata hivyo, mkono ulikuwa mzito. Miaka tisa nyuma mnyororo wa winchi hiyo ulikatika, mzigo wa tani nne ukamwangukia kaka yake. Wakaguzi walisoma kibati: mwisho tani tatu. Basi, marehemu akawa mzembe aliyejiua mwenyewe, na mjane wake akaambulia jeneza na barua. Wenzake waliapa kwamba kibati kilisema tano. Nani angewasikiliza, na maandishi yapo pale pale?

Alikwangua rangi kwenye ribiti ya kwanza ili achore mfereji. Mfereji ulikuwepo. Ukucha wake ukatoka na nta.

Ya pili, nta. Ya tatu, ya nne, nta. Alizitoa tatu, akakisogeza kibati kikabaki kinaning'inia kwa moja. Nyuma yake palikuwa na alama ya kibati kingine, kidogo zaidi, na matundu yake manne yamezibwa.

"Baba," alisema bila kugeuka. "Ulikibadilisha lini?"

"Asubuhi ile ile. Bosi alinifuata stoo. Akasema kuna mtu ameumia, wakaguzi wako njiani, toa kibati cha winchi ndogo weka hapa. Nikaweka."

"Hukuuliza ni nani?"

"Sikuuliza. Alikuwa amefunikwa turubai, hatua tano kutoka hapo nilipopiga magoti. Nilipokaza ribiti ya mwisho ndipo wakamfunua."

"Na miaka yote tisa hii?"

"Ningeanzia wapi, mwanangu?"

Binti alimchukia, na hapo hapo alimhurumia, na hakujua amshike au amsukume. Nje mkata chuma alikuwa anashusha mitungi yake ya gesi. Kibati kikishatoka mahali pake ni kipande cha chuma tu, hakimtetei mtu. Alirudisha ribiti zote tatu, akaenda mlangoni.

"Winchi hii haikatwi," alimwambia yule mtu. "Mpaka wakaguzi waje. Mwambie bosi ni mimi niliyesema."

Aliporudi alikuwa na simu mkononi, imeshaanza kuita, kipaza sauti amekifungulia. Alikuwa amempigia wifi yake, mke wa marehemu.

"Mwambie wewe," alimwambia baba. "Mimi sitakusaidia."

Mzee aliipokea simu kwa mikono miwili. Mjane alikuwa na kawaida ya kumsalimia baba mkwe kwanza, kabla ya lolote.

"Shikamoo, baba," sauti ilisema, changamfu.

Mzee alifungua mdomo aitikie marahaba, akashindwa.

"Baba? Shikamoo."