Harusi ya Jamna, Siku Nne

Barua kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma kwa gari la moshi la Jumanne, na Vithaldas Kanji akaisoma akiwa amesimama dukani kwake. Upande wa bwana harusi ungekuja na watu sitini na wanne, wakae siku nne. Kwa desturi za Mabanyani kama yeye, gharama zote zilikuwa za baba wa binti.

Vithaldas alikuwa na mtoto mmoja tu, Jamna, msichana wa miaka kumi na saba. Kesar, mkewe, alifariki kwa homa mwaka ule Wajerumani walipoifikisha reli Dodoma, na tangu hapo baba na binti waliishi wawili tu nyuma ya duka. Wahindi wengine mjini walikuwa wachache, nao walikuwa Waislamu. Walisalimiana naye vizuri, lakini hawakuwa ndugu wa kumshikia shughuli.

Mchana ule alifunga mlango, akachukua karatasi. Unga, mchele, dengu na sukari havikumsumbua, bei zake zilikuwa kichwani. Nauli ya kuhani na wapishi wawili aliiandika bila shida. Kilichomshinda ni mambo ya wanawake. Bibi harusi hupakwa manjano kiasi gani? Hina inunuliwe ya kutosha mikono mingapi? Kesar angemjibu huku akiendelea kupepeta mchele.

Siku ya pili akaja Mwantum, mjane wa Kirangi aliyekuwa akimletea samli kutoka Kondoa kila mwezi.

"Safari hii nataka madebe kumi na mawili," Vithaldas alimwambia.

"Bwana Kanji, unafungua duka la pili?"

"Namwoza Jamna."

Mwantum akamtakia heri, akaketi juu ya gunia. "Na maji umeyahesabu?"

Hakuwa ameyahesabu. Ulikuwa mwezi wa Oktoba na visima vilikuwa vimeshuka sana. Wakakadiria pamoja: punda wanane wa mzee Matonya, siku tano, safari nne kwa siku. Maji peke yake yakafika rupia tisini, yakaipita sukari yote.

Mwantum hakujua kusoma, akamwomba amsomee yaliyobaki. Vithaldas akasoma mpaka akafika pale palipoandikwa zawadi ya mjomba, rupia hamsini.

"Hiyo si anatoa mjomba?" Mwantum aliuliza.

"Mjomba wake yuko kwetu Bara Hindi, Kathiawar. Nimemwandikia mara tatu."

"Akajibu?"

"Hajajibu."

"Kwa hiyo unanunua wewe, halafu useme ni yake."

"Wakwe wakiona hatuna mtu, Jamna atadharauliwa huko aendako."

Mwantum akaielekezea karatasi kidole. "Na shangazi?"

"Rupia ishirini."

"Na bibi?"

"Kumi na tano."

Upande mzima wa karatasi ulikuwa wa watu wasiokuwepo. Jumla ilifika rupia elfu moja mia saba na arobaini. Akiba yake ya miaka kumi na minne ilikuwa elfu moja na mia nane.

Wageni walifika mapema Novemba. Siku ya kwanza bibi harusi alitakiwa kupakwa manjano na wanawake wa kwao, na wa kwao hawakuwepo. Mwantum, aliyekuwa amebaki mjini kwa ajili ya siku hizo, akanawa mikono akampaka. Wanawake wa Dar es Salaam walitazamana. Baadaye mmoja wao akaanzisha wimbo, lakini upande wa bibi harusi haukuwa na mtu wa kuitikia.

Siku ya tatu zikafunguliwa zawadi. Ya mjomba ilikuwa sari ya hariri nyekundu, ambayo Vithaldas aliagiza kwa siri na kuifunga kwa mkono wake. Jamna alipoishika, vidole vyake vikasimama kwenye fundo la kamba. Lilikuwa fundo ambalo baba yake alifungia kila kifurushi cha sukari kilichotoka dukani.

"Mjomba wako hajambo?" akauliza shangazi wa bwana harusi.

"Hajambo," Jamna alijibu. "Ameandika barua ndefu. Miguu inamsumbua, ndiyo maana hakuja."

Vithaldas alikuwa mlangoni, akasikia. Maneno yale hakumfundisha. Alitoka nje, akasimama karibu na mapipa ya maji mpaka alipoitwa.

Siku ya nne akawasindikiza stesheni. Jamna aliinama kumgusa baba yake miguu, na alipoinuka akamnong'oneza, "Mjomba amechagua rangi nzuri." Kisha akapanda. Gari likaondoka kuelekea Gulwe, njia ya Dar es Salaam, nao Wagogo waliokuja kutazama harusi wakatawanyika.

Asubuhi iliyofuata Mwantum alimuaga, kwa kuwa wenzake wa safari ya Kondoa walikuwa wakimngojea. Vithaldas akafungua duka. Mwanamke mmoja aitwaye Zipora alikuja kununua chumvi.

"Wageni wameondoka?"

"Wameondoka."

"Na binti?"

"Naye."

Akampimia chumvi, akamzidishia.

Zilipita siku kumi na moja asitamke neno la Kigujarati, lugha ya kwao. Siku ya kumi na mbili akashuka Banyani mmoja aliyekuwa akienda Tabora, gari limelala Dodoma. Vithaldas alimlisha, akamuuliza habari za Dar es Salaam, akamuuliza tena zile zile. Asubuhi mgeni alipochukua mzigo wake, Vithaldas alikuwa ameshabandika chai nyingine.

"Gari bado," alimwambia. "Kaa kidogo."