Sengu ya Ukata Mezani kwa Wilfred

Mchana mmoja wa Machi 2004, mvua ikinyesha, Mzee Joakim alikuwa kwenye kigoda chake ndani ya sengu ya kijiji cha Ukata, akila ugali na maharage. Sengu ndiyo nyumba ambamo ukoo wa Kimatengo hula pamoja na kumaliza mashauri yake. Hii ilikuwa inavuja. Ilikuwa imeandikishwa kuwa urithi, hivyo hakuna aliyeruhusiwa kuongeza hata unyasi mmoja bila kibali. Kunigunda, mke wa Joakim, alikwishakata nyasi na kwenda mara nne ofisini Mbinga kuomba kibali hicho.

Badala ya kibali akaja Wilfred, ofisa wa mradi wa uhifadhi wa ofisi hiyo hiyo, na mwavuli na kamera ya dijitali. Soko huria lilikuwa limeleta wafadhili, na wafadhili hawakutaka kusikia habari za nyasi. Walitaka nyumba iingizwe kwenye kompyuta.

Wilfred alimwomba mzee atoke kidogo. Mzee alikataa, kwa kuwa mkubwa wa sengu hainuki bakuli lake halijaisha. Wilfred alikuwa na haraka, akapiga picha hivyo hivyo. Nyumba ikaondoka pamoja na mzee. Palibaki duara la udongo na kuku mmoja aliyekuwa mlangoni.

Kunigunda alifunika chungu, akapanda gari la kwenda Mbinga.

"Shikamoo, mama," alisema Wilfred.

"Marahaba. Mume wangu yuko wapi?"

Wilfred akamgeuzia kompyuta. Nyumba ilikuwamo nzima, na Joakim kigodani, na bakuli mkononi. Kwa kuwa picha ilipigwa siku ya mvua, mle ndani mvua haikatiki. Maji yalidondoka kutoka kwenye kioo hadi mezani, na kutoka mezani hadi kwenye ndoo. Joakim alikuwa anakohoa.

"Amehifadhiwa, mama."

"Amelowa."

Kesho yake Kunigunda alileta mzigo wa nyasi na kuutua mbele ya kamera.

"Zipige picha, mwanangu, ziingie. Ataezeka mwenyewe."

Wilfred alisoma kitabu cha mradi ukurasa kwa ukurasa.

"Nyasi mpya zitaharibu uhalisia. Wafadhili wanataka nyumba kama ilivyokuwa."

"Ilikuwa inavuja kwa sababu yenu."

"Ndivyo ilivyokuwa, mama."

Inatia hasira, na acha isemwe. Watu hawa waliomnyima mama ruhusa ya kuziba tundu la paa lake walipewa cheti cha uhifadhi bora. Wamekitundika ukutani, mbali na maji.

Mwaka uliofuata ililetwa kompyuta ya pili, ya kuwekea nakala. Sasa ndoo ni mbili, na Joakim anakohoa kwenye meza zote mbili. Kila Alhamisi Kunigunda huja, hukaa kwenye benchi la wageni na kumwambia mume wake atoke. Joakim humwonyesha bakuli. Hawezi kuinuka halijaisha, na kwa jinsi paa linavyovuja ndani yake, haliishi.