Neno la Mlangoni

Kanisa letu hapa Indiana lilimtenga kaka yangu Orrin miaka tisa iliyopita, kwa kumwoa mwanamke aliyeachana na mumewe. Tangu hapo hatuli naye meza moja. Kila Jumamosi alikuwa akija kumpasulia Baba kuni, nami nikimwekea sahani yake kwenye kimeza kando ya meza yetu, kati ya meza hizo pengo la upana wa kiganja. Baba hakumsemesha. Ila jioni, Orrin akishika mlango wa gari, Baba, akiwa mlangoni, alikuwa akimwambia "gudbai", neno la Kiingereza la kuagana, kama anavyomwambia dereva wa maziwa. Orrin aliwahi kuniambia kwamba huja kwa ajili ya neno hilo tu.

Nina miaka arobaini na saba, na mwaka huu nimeanza masomo ya jioni maktabani. Mwalimu alimpa kila mmoja wetu neno la kila siku achunguze lilikotoka. Langu likawa hilo la kuagana. Niligundua kwamba zamani lilikuwa sala nzima, "God be with ye", yaani "Mungu awe nawe", ambayo vinywa vya watu viliifupisha mpaka ikasahaulika. Nilipiga magoti pale pale kati ya makabati ya vitabu, nikashukuru. Kumbe Baba alikuwa akimwombea mwanawe bila kujua.

Ijumaa nikamsomea Baba nilichoandika, nikidhani moyo wake utalainika. Aliniomba nirudie. Akauliza kama mwalimu ana hakika. Nikasema limo kwenye kamusi.

"Umenifumbua macho, Orpha," akasema. "Maandiko yanakataza kumbariki aliyetengwa. Miaka tisa nimetenda dhambi mlangoni pangu."

Kesho yake Orrin alipasua kuni hadi jua likainama, akinitania nilipokuwa dirishani, "Vipi msomi, wamekufundisha kusinzia macho wazi?" Akanawa, akashika mlango wa gari, akangoja. Baba alimtazama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Orrin alibaki na kofia mkononi. "Dada, nimemkosea nini tena?"

Nilikuwa nimetoka kumsindikiza, hatua mbili tu kutoka kwake. Nyuma ya pazia Baba alikuwa amesimama. Mimi pia ni mshirika wa kanisa lile, na sasa maana ya neno lile naijua.

"Basi niage wewe," akasema.

Niliinama nikaokota vibanzi vya kuni, kimoja kimoja, nikivitia kwenye aproni, mpaka niliposikia gari likiondoka.

Jumamosi iliyofuata Baba, mwenye miaka themanini na moja, alipasua kuni mwenyewe.