Kanuni ya Kutoka

Jumatano ile Forodha alipotangaza kwamba anatoka kwenye kikundi, hakuna aliyemshika mkono. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, ingawa mpaka leo ukimuuliza atakuambia alitoka kwa sababu ya msimamo.

Forodha si jina alilopewa na wazazi wake. Alifanya kazi mpakani, kwenye meza ya ushuru, mpaka nchi ilipoingia kwenye soko la pamoja na majirani na ushuru ukafutwa. Malori yakawa yanapita bila kusimama, meza ikabebwa kupelekwa stoo, naye akastaafishwa kabla ya wakati kwa hotuba fupi na saa ya ukutani. Tangu siku hiyo alikuwa na neno juu ya soko la pamoja, na neno lenyewe lilikuwa refu. Watoto walishaoa na kuolewa, wakahamia mbali. Mkewe alikuwa na cherehani yake na oda za sare za shule. Waliobaki wa kumsikiliza mtu mzima huyu akimwaga sera walikuwa watu wa Jumatano.

Watu wa Jumatano walijiita wawekezaji. Mali yao yote ilikuwa hisa chache za kiwanda cha rangi, chache kiasi kwamba zingepotea kiwanda kisingeshtuka, lakini walizijadili kana kwamba mkurugenzi anasubiri nje ya mlango kupokea maagizo yao. Walikutana nyuma ya duka la uchapaji, kwenye chumba chenye viti vinne, marobota ya karatasi mpaka darini, na harufu ya wino iliyoingia hata kwenye chai. Mwenyekiti alikuwa mama wa duka la dawa, mwanamke asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Mwenye chumba alikuwa mpigachapa, mtu wa maneno machache, yote yenye ncha. Wa tatu alikuwa kinyozi, ambaye kazi ilimzoesha kukubaliana na kila kichwa kilicho mbele yake. Kiti cha nne, chenye mikono, karibu na dirisha, kilikuwa cha Forodha, na ole wako ukikikalia.

Wiki hiyo serikali ilikuwa imetangaza kura ya wananchi, kubaki kwenye soko la pamoja au kutoka.

"Tukitoka," alisema Forodha, amesimama kama kawaida yake, "rangi ya jirani itatozwa ushuru pale mpakani. Watu watanunua ya kwetu. Hisa zitapaa. Hii ni hesabu ya mtoto wa chekechea."

"Nusu ya rangi yetu inanunuliwa na huyo huyo jirani," alisema mpigachapa bila kuinua macho kutoka kwenye mashine aliyokuwa akiitia mafuta. "Akitununia, sisi wenyewe tutapaka kuta mara ngapi?"

"Suala ni heshima ya nchi, si kuta!"

"Hapo kweli," alisema kinyozi, na hakuna aliyejua anamwambia nani.

Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Forodha alikuwa anaeleza jinsi malori yanavyopita siku hizi mpakani bila hata kusalimia, mpigachapa alipoweka chini kopo la mafuta.

"Ndugu yangu, tusizungushane. Wewe hulilii nchi. Unalilia meza yako."

Forodha alihisi masikio yakimwaka moto. Lingekuwa tusi angelijibu. Lakini lilikuwa kweli, na kweli iliyosemwa mbele za watu haina jibu. "Kama ni hivyo," alisema, "mimi natoka. Si nchi tu. Mimi pia, humu, natoka." Akachukua kofia yake, akaelekea mlangoni polepole, polepole mno kwa mtu aliyekasirika, akisubiri japo sauti moja iseme, kaa bwana, yaishe.

Mwenyekiti akakohoa. "Kwa utaratibu gani?" aliuliza kwa upole.

Forodha akasimama. Utaratibu ulikuwepo, na aliyeuandika ni yeye mwenyewe. Kikundi kilipoanza, ndiye aliyejitolea kutunga kanuni, akazisoma kwa sauti ya mpakani huku wenzake wakipiga miayo. Wanachama wasizidi viti vilivyopo. Ya kikaoni yabaki kikaoni. Na ile aliyojivunia kuliko zote: anayetaka kutoka hatatoka mpaka alete mtu wa kushika nafasi yake na hisa zake, na mtu huyo akubaliwe na wenzake, mpaka hapo atahudhuria vikao kama kawaida, wala hatanuna. Hilo la kununa aliliongeza akimlenga mpigachapa.

Akarudi, akavua kofia, akakaa.

Kesho yake akaanza kutafuta mtu. Alianza na fundi magari wa mtaani, aliyemkuta amelala chini ya gari, miguu tu nje. Forodha akaihutubia ile miguu. Akakisifia kikundi: watu makini, waaminifu, mwenyekiti mwenye busara, chumba tulivu, chai haikosekani. Ukisema jambo linasikilizwa. Ukikosea unaambiwa waziwazi, na siku hizi watu wa kukuambia umekosea, alisema, utawapata wapi?

Miguu ikatulia. "Mzee, kikundi kizuri hivyo," ilitoka sauti chini ya gari, "wewe unakitokea nini?"

"Siasa."

"Mnawekeza au mnagombea ubunge?"

Akaenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa ndiyo nyingi. Shemeji akakubali palepale, akamshukuru, akampa soda, kisha akaingia mitini. Simu yake ikawa haipatikani mpaka kura ilipopita. Akawaendea wengine, na kila alikokwenda alikisifia kikundi vizuri zaidi, kwa kuwa ulimi ulishapata njia, na kila alikokwenda aliulizwa swali lile lile la fundi magari. Siku moja alijikuta akisimulia jinsi mpigachapa alivyofunga duka ili amsindikize hospitali alipougua presha, na macho yakamlenga. Ikabidi asingizie vumbi.

Na Jumatano zikaendelea. Kanuni ilimtaka ahudhurie, akahudhuria. Alikuja na masharti yake ya kutoka: kikundi kimtambue kama mwanzilishi, kiti chenye mikono kisipewe mtu mwingine ovyo, birika lijadiliwe, maana alilinunua yeye. Wakajadili birika jioni nzima. Mpigachapa alimkaribisha kwa "Karibu, msafiri, bado hujaondoka?" na yeye akajibu "Mizigo bado inakaguliwa," na wote wakacheka. Kusema la haki, zilikuwa Jumatano nzuri kuliko zote. Hakuwa na haraka ya kumpata mtu.

Shida ilianzia mezani kwake. Jioni moja alikuwa anamweleza mkewe jinsi mtu wa duka la viatu alivyomkatalia, akarudia hotuba yote ya sifa, mwanzo mpaka mwisho, huku chakula kinapoa. Mkewe alimsikiliza, akafunika hotipoti.

"Niandikishe mimi."

Forodha akacheka. Mkewe hakucheka.

"Wewe? Mama watoto, kule ni mambo ya hisa, ya masoko..."

"Si umesema ukisema jambo unasikilizwa?"

Angeweza kusema kikundi hakifai, lakini alishakisifia mtaa mzima. Angeweza kusema ukweli, kwamba hakutaka kutoka hata siku moja, alitaka tu kubembelezwa abaki. Maneno hayo yalimfika mpaka kooni. Badala yake akasema, "Haya. Kama umeamua."

Jumatano iliyofuata mkewe alivaa gauni alilokuwa akilitunza kwa ajili ya harusi. Mwenyekiti akaomba mikono. Wa kwake ukapanda, wa kinyozi ukapanda bega kwa bega na wa mwenyekiti. Wa mpigachapa ulibaki gotini.

"Forodha," alisema mpigachapa, na safari hii hapakuwa na ncha, "una hakika?"

Hapo ndipo alipokuwa akipasubiri tangu siku ile ya kofia. Mlango umefunguliwa, ilibaki kuingia tu. Lakini mkewe alikuwa anatazama, kinyozi anatazama, na Forodha akasikia mdomo wake mwenyewe ukianza kutoa hotuba juu ya mtu kusimamia neno lake kama nchi inavyosimamia mipaka yake. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilipokwisha, mpigachapa akanyanyua mkono taratibu, macho yakiwa sakafuni.

Kura ya nchi nayo ikapigwa, wananchi wakaamua kubaki, tena kwa wingi mkubwa. Rais akahutubia, malori yakaendelea kupita. Kwa miezi nchi nzima ilikuwa imezungumzia kutoka, redioni, kwenye foleni za benki, kwenye viti vya kinyozi, na aliyetoka kweli alikuwa mtu mmoja.

Jumatano ya wiki hiyo Forodha alibaki nyumbani na hotipoti. Aliwasha redio, mtangazaji akasema jambo la kipuuzi juu ya bei ya rangi, Forodha akageuka kubishana, hapakuwa na mtu. Mkewe alirudi akinukia wino, akicheka peke yake kwa jambo lililosemwa huko.

"Haya, nipe habari," alisema Forodha, akimvutia kiti. "Mpigachapa kasema nini juu ya kura?"

"Ya kikaoni yanabaki kikaoni, baba watoto. Si kanuni yako?"

"Lakini mimi si nilikuwa nakusimulia yote! Kila Jumatano!"

"Ulikuwa unanisimulia uliyosema wewe," alisema mkewe, akivua viatu. "Ya wenzako sikuwahi kuyasikia mpaka nilipokwenda."

Forodha akashika tama. Saa ya ukutani, ile ya kustaafu, ilikuwa na kelele usiku huo kuliko siku zote.

"Wananitaja?"

Mkewe akamtazama kwa huruma, na huruma ile ikamkata maini. "Hilo nalo ni la kikaoni."

"Sawa. Na siku ukichoka, ukitaka kutoka? Si lazima ulete mtu? Mimi nipo, mama watoto. Sina kazi nyingine Jumatano."

"Nimekusikia. Lakini si lazima wenzangu wamkubali huyo mtu? Nitawaambia ana sifa gani?"

Mkewe akaenda kulala. Forodha alibaki mezani, kofia mapajani, akitafuta la kumwambia asubuhi. Alikuwa amekisifia kikundi kwa fundi magari, kwa shemeji, kwa mtu wa viatu, na maneno hayakumpungukia popote. Sasa alitakiwa kujisifia yeye, na hakupata pa kuanzia.