Jua la Beseni la Buluu

Jumatatu asubuhi Kadii alikuwa akinyunyizia maji mchanga uliojazwa kati ya chungu kikubwa na chungu kidogo kilichowekwa ndani yake. Ndani ya chungu kidogo mlikuwa na kichupa cha insulini ya mumewe, Ngowa. Dawa hiyo hutakiwa kukaa baridi, na Marereni hakuna kitu kinachokaa baridi kwa hiari yake. Kando ya vyungu ilisimama friji nzima, nyeupe, aliyopewa na dadake Janet wa Mombasa. Ndani yake mlikuwa na unga, sabuni na nguo za kanisani. Juu ya paa la makuti zilipita nyaya nene za umeme zikielekea kwenye kiwanda cha chumvi, zikivuma mchana kutwa, na hakuna hata waya mmoja uliowahi kushuka.

Sababu ilijulikana. Ili waunganishiwe stima ilihitajika barua ya mwenye shamba, na mwenye shamba, Mzee Salmin wa Malindi mjini, hakuwahi kukataa kuiandika. Alisema tu kwamba angefikiria. Alianza kufikiria wakati Ngowa angali na miguu miwili mizima.

Alipomaliza na vyungu, Kadii alimtilia mumewe maji vuguvugu ya chumvi katika beseni la buluu ili aloweke mguu wenye kidonda. Ngowa alitia mguu, akautoa.

"Maji yamechemka," akasema.

Kadii akachungulia. Katikati ya beseni, juu kidogo ya maji, lilikuwapo jua. Ukubwa wake ulikuwa wa ndimu. Halikugusa maji wala plastiki, na lilitoa mwanga wa saa nne asubuhi. Kadii akaenda kutafuta beseni jingine kwa ajili ya mguu.

Habari zilifika kwa Mwaro kabla chai haijaiva. Mwaro ana kibanda chenye paneli ya sola, na huko ndiko wasio na stima hupeleka simu zao zikachajiwe. Simu huchelewa kujaa, basi watu hukaa kwenye benchi na kubishana. Kwa miezi kadhaa mjadala ulikuwa mmoja. Phineas, mwendesha bodaboda, alikuwa ameona kwenye simu kwamba wataalamu wanaunganisha viini vya atomu ili kupata umeme usiokwisha, namna jua linavyofanya. Chengo, mkwangua chumvi, hakukubali.

"Sufuria gani ya kubeba jua?" Chengo aliuliza kila siku.

"Halibebwi kwa sufuria. Linashikwa kwa sumaku, likae hewani. Likigusa kitu, linazimika."

"Na mafuta yake?"

"Maji ya bahari."

"Basi mimi ningekuwa tajiri. Nashinda ndani yake mpaka magoti."

Mjadala uliishia pale pale siku zote, kwamba bado miaka thelathini, kisha kila mtu akachukua simu yake akaenda zake.

Siku hiyo walikuja wote nyumbani kwa Kadii, wakalizunguka beseni. Chengo alilipigapiga kwa ukucha, akakiri kwamba ni plastiki ya kawaida. Phineas alitafuta sumaku chini yake, asiione, akakasirika.

"Bila sumaku haiwezekani," alisema, huku ameweka kiganja juu ya macho kwa ajili ya mwanga.

"Litaendesha friji?" Kadii aliuliza.

"Mama, hilo swali ni la hatua za mbele."

Kadii alitamani kumwagia uji. Mumewe alikuwa amekaa palepale, kidonda kimefunuka, na watu wazima wanazungumzia sumaku. Ni Mwaro peke yake aliyeleta kitu cha maana, nacho kilikuwa paneli yake ya pili pamoja na betri. Aliiegemeza mbele ya jua, ikajaza simu haraka kuliko kawaida. Friji ilipochomekwa, betri ilizima. Mwaro alisema friji si simu, inataka stima yenyewe, nguzo na mita. Kisha akauliza kama angeweza kuiacha paneli hapo.

Mzee Salmin alifika Alhamisi, kanzu imepigwa pasi, amebeba halua ya kumjulia hali mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bi Kadii. Poleni na maradhi. Nimeambiwa mmepata jua."

Alilitazama kwa utulivu, akamega halua, akampa Ngowa, ambaye haruhusiwi kuila. Kisha akaketi kuzungumza. Huku pwani shamba laweza kuwa la mtu na minazi ikawa ya mtu mwingine. Udongo alikuwa nao Salmin tangu enzi za babu zake. Minazi iliyouzunguka ua ilikuwa ya Kadii, kwa sababu aliipanda kwa mkono wake, na Salmin hakuwahi kugusa hata dafu moja. Katika hilo alikuwa muungwana.

"Basi na hili tulitazame hivyo hivyo," alisema. "Kilichopandwa ni cha mpandaji. Nikiona limepandwa, wallahi naandika barua leo hii, mulitumie mtakavyo, na stima mvute."

Kadii akalisogelea beseni. "Nimelipanda mimi. Maji nimeteka mimi, chumvi nimetia mimi, beseni ni langu."

Salmin akawageukia Phineas na wenzake waliosimama mlangoni. "Nyinyi mnaoyasoma mambo haya, mwasemaje? Lina mzizi? Limeshika mahali?"

Kadii alimtazama Phineas. Alimtazama kwa macho yote aliyokuwa nayo. Phineas alisafisha koo. Miezi yote ile hakuna mtu mwenye kanzu iliyopigwa pasi aliyewahi kumwomba maoni.

"Kisayansi, mzee, halina mzizi. Halitakiwi kugusa kitu chochote. Linaelea tu."

"Hapo amesema kweli," Chengo akasema.

Salmin akaitika kwa kichwa. Kama linaelea, alisema, basi halikupandwa. Ni kama zile nyaya za juu, ambazo kiwanda kilimwendea yeye kabla ya kuzipitisha. Kwa kilicho juu ya shamba hushauriwa mwenye shamba. Kuhusu barua, angefikiria.

"Miezi mnabishana," Kadii aliwaambia kwa hasira, mzee alipokwisha kuondoka. "Miezi! Leo ndiyo mmeona siku ya kukubaliana?"

Phineas akasema pole, lakini ukweli ni ukweli. Mwaro akaigeuza paneli kidogo, ielekee vizuri zaidi.

Jua lilibaki. Majirani walizoea kuanika nguo na mihogo mlangoni pa Kadii hata siku za mvua. Nyumba ilizidi joto, na mchanga wa vyungu ukawa unakauka kabla hajarudi kisimani. Alivihamishia chini ya kitanda, kisha nyuma ya friji, kwenye kivuli chake.

Asubuhi moja alitoa kile kichupa, akakiinua mbele ya beseni, kwa kuwa hapakuwa na mwanga mzuri kuliko huo. Dawa iliyotakiwa kuwa safi kama maji ilikuwa na chembechembe nyeupe zilizoteremka polepole hadi chini. Kila moja ilionekana waziwazi.

"Ni nzuri?" Ngowa akauliza kutoka kitandani.

"Imeharibika."

Alifungua friji, akatoa leso yake ya safari iliyokuwa juu ya unga, akajifunga. Nje, Chengo alikuwa akimuuliza Phineas bado miaka mingapi. Kadii akawapita bila salamu, akafuata njia ya Malindi kutafuta kichupa kingine, na kwa mwendo mrefu njia ile hupita chini ya nyaya.