Kamera Mahali pa Besi

Mama mwenye mtoto kwenye okestra, mtu akikuambia "asogee kidogo tu kwa ajili ya picha," usiitikie haraka. MaTebello wa Mangaung aliitikia, na nusura mwanawe aharibikiwe mbele ya ukumbi mzima.

Binti yake Tebello hupiga besi kubwa, ile fidla inayomzidi mtu kimo, hupigwa kwa kusimama. Wimbo wa kwanza wa tamasha siku hiyo ulianza na yeye peke yake, polepole, kabla ya mwingine yeyote. Hakuwa na cha kufuata ila mkono wa Ntate Sekonyela, yaani Mzee Sekonyela, kiongozi wa okestra.

Wakati wa mazoezi akaja Sandile, mkuu wa wapiga picha, kutoka Johannesburg. Kamera moja akaiweka roshani, ipate okestra nzima. Nyingine akaisimamisha kwenye njia ya katikati ya ukumbi. Ya tatu ndiyo ilileta balaa. Aliitaka upande wa kulia, ipate uso wa mpiga piano mgeni, na hapo ndipo pa besi.

"Dada, hamia nyuma ya ile nguzo. Shingo ya chombo chako inaingia kwenye picha kama mlingoti wa simu."

"Nyuma ya nguzo simwoni Ntate."

"Fuata wenzako."

"Wenzangu ndio wananifuata mimi!"

Vijana wakacheka. MaTebello, aliyekuwa akigawa chai na magwinya, maandazi ya kwao, akaweka sinia chini. Okestra yao haijawahi kupigwa filamu. Hawa wakisusa, lawama zote zitamwangukia nani?

"Sogea, mwanangu. Usituaibishe."

Tebello akamtazama mama yake, kisha akaliburuta besi hadi nyuma ya nguzo.

Walipojaribu, aliona pindo la koti la Ntate, basi. Akaingia amechelewa, fidla zikampanda mgongoni, wimbo ukavunjika.

"Sandile, kijana wangu," Ntate alisema, "huyu lazima anione."

"Sauti tutaitengeneza baadaye, Ntate. Uso wa mgeni nikiukosa, nitautengenezea wapi?"

Ntate akageukia karatasi zake za muziki. Alikuwa amewabembeleza sana hawa watu waje.

Jioni ukumbi ulijaa. MaTebello alikaa kiti cha pembeni mwa ile njia ya katikati, amevaa kofia yake pana. Mpiga piano akakaa. Ntate akainua mkono.

Tebello akatoka nyuma ya nguzo. Alilikumbatia besi kama anayemhamisha mgonjwa, akapita katikati ya wenzake, akasimama mahali pake pa siku zote. Mgongo wake ukaiziba kamera ya kulia yote. Ntate aliuacha mkono hewani, akamsubiri.

Sandile akaja mbio kwenye njia, ameinama. "Mtoeni! Mtoeni yule!"

MaTebello hakujua miguu yake ilisimama saa ngapi. Alijikuta katikati ya njia, uso kwa uso naye.

"Mme, mama yangu, kaa chini."

"Sikai."

"Unaiziba kamera ya katikati!"

"Na ninyi mlimziba mwanangu."

"Mpige picha yeye basi!" akachomekea jirani yake MaThabang kutoka kiti cha nyuma. "Kofia hiyo haijatoka kabatini tangu harusi!"

"Nitazima kila kitu, Mme!"

"Zima. Besi la Tebello halitumii umeme wako."

Mkono wa Ntate ukashuka. Sauti ikaanza, nzito, shwari, pale pale ilipotakiwa, hadi mbao za sakafu zikatetema chini ya viatu vya MaTebello. Fidla zikaja juu yake bila kujikwaa. Sandile akarudi nyuma taratibu. MaTebello hakukaa mpaka wimbo ulipokwisha, na ulipokwisha akapiga vigelegele vilivyokuwa vimekatazwa tangu asubuhi.

Filamu ilipotoka, uso wa mpiga piano haukuwemo katika wimbo huo. Ulionekana mgongo wa Tebello, ikaonekana kofia, na okestra nzima kutoka roshani. Majirani sasa humwita MaTebello "Mama Kofia," na anaitika.

Wapiga picha wanarudi mwaka huu. MaTebello amekwisha fika ukumbini, wao bado wako barabarani. Ameweka kiti upande wa kulia, pale pa besi, amekikalia kumshikia mwanawe nafasi. Na kofia ameivaa.